Chumba cha Mkono Mmoja: Kuipanga Nyumba Kabla Mtoto Hajazaliwa

Mama aliyejifungua hutumia mkono mmoja. Wa pili umembeba mtoto, na hauachii kirahisi kwa wiki kadhaa. Uliobaki ndio utakaoinua chandarua, utakaotafuta nepi kavu, utakaomimina maji ya kunywa na utakaofungua komeo la mlango wa uani usiku. Kwa hiyo anayeipanga nyumba ili kumpokea mtoto asianze kwa kuuliza kitanda cha mtoto kitakaa wapi. Aanze kwa kuuliza mama atakuwa wapi saa nane usiku, taa ikiwa imezimwa, na ni vitu gani ataweza kuvifikia kwa mkono mmoja bila kuinuka. Maelekezo yanayofuata yanatoka katika swali hilo, nayo yamelenga nyumba za huku kwetu Mtwara na Lindi, ambako chumba cha kulala mara nyingi ni cha futi 10 kwa 10, paa ni la bati, jiko na choo viko uani, na korido moja hupita katikati ya vyumba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma.

Swali lenyewe nililijua kwa hasara. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mwezi Januari, wakati ambao joto la Mtwara Mjini halipoi hata usiku, na chumba nilikuwa nimekipanga kikapendeza: kitanda ukutani, kabati la milango miwili miguuni, meza ndogo pembeni iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ile chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Usiku wa pili tangu turudi kutoka hospitali nilinyoosha mkono gizani kutafuta tochi, nikashika ncha ya kitambaa, na kila kilichokuwa mezani kikaja chini. Chupa ilipasuka juu ya mkeka, kwenye nguo za mtoto nilizokuwa nimezikunja jioni. Hakuna aliyeungua. Mama mkwe, aliyelala upande wa pili wa mkeka, alikaa kitako, akautazama mvuke, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, kesho hicho kitambaa ukikunje. Meza ya mzazi haivishwi nguo." Nikaitika, "Ndiyo, mama," na kulipokucha tukaanza kukipanga chumba upya, mimi nikiwa kitandani naelekeza kwa kidole, jambo ambalo lingefanyika kwa urahisi zaidi miezi miwili nyuma.

Wakati wa kuanza

Kazi ianze mimba inapotimiza miezi saba na iwe imekwisha kabla ya wiki ya 36, kwa kuwa kuanzia wiki ya 37 mtoto anaweza kuja siku yoyote bila kuhesabiwa kuwa njiti. Mjamzito ndiye msimamizi wa kazi hii, lakini si mbebaji. Asisukume kabati, asipande stuli kupigilia misumari ya chandarua, na asikae ndani ya chumba kinachopakwa rangi ya mafuta au vanishi. Rangi ikamilike angalau mwezi mmoja kabla, madirisha yaachwe wazi kila siku mpaka harufu iishe kabisa, na wale wanaotumia chokaa wahakikishe imekauka na haiachi unga mkononi kabla ya kuingiza magodoro.

Baba aliyeajiriwa asijipe moyo kwamba atayafanya haya akiwa likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, lakini baba aliwekewa siku 3. Siku tatu hizo zitakwisha katika safari za hospitali na kupokea wageni. Naye asiyeajiriwa ana kalenda yake. Katika maeneo ya Tandahimba, Newala, Masasi, Mtama au Nachingwea, kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wako mashambani wanaokota korosho au wako ghalani wanasubiri mnada, na nyumbani hakuna wa kushika nyundo. Mtoto anayetarajiwa Novemba apangiwe chumba Agosti au mapema Septemba, hata kama fedha za msimu bado hazijaingia, maana sehemu kubwa ya kazi hii ni ya kuhamisha vitu, wala si ya kununua.

Mtoto anayetarajiwa kati ya Desemba na Aprili atazaliwa kwenye mvua, hivyo paa litangulie mambo mengine yote. Njia rahisi ya kulikagua paa la bati lisilo na dari ni kuingia chumbani saa sita mchana, kufunga mlango na madirisha, na kukaa kimya gizani kwa dakika chache. Kila tundu la msumari litaonekana kama nyota. Weka alama ya chaki sakafuni chini ya kila nyota, kisha mwite fundi. Usidanganywe na mwezi wenyewe. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wengi tulikuwa tumekwisha kusema mvua zimeondoka, Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na nyumba nyingi zilizoonekana nzima zikavuja. Kitanda cha mzazi kisikae chini ya alama ya chaki hata kama fundi ameapa kwamba ameziba.

Nani atalala wapi

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, kwa sababu hupanga samani kabla ya kupanga watu. Kwa desturi zetu, mzazi hukaa ndani siku arobaini akihudumiwa na mama yake, mama mkwe, shangazi au kungwi, na huyo mhudumu hulala chumba kimoja na mzazi. Ina maana kwamba chumba unachokipanga ni cha watu watatu: mama, mtoto na bibi. Baba huhamia sebuleni au chumba kingine, na ni vyema ahamishiwe mapema pamoja na nguo zake, chaja yake na viatu vyake, ili asiwe mtu wa kugonga mlango kila alfajiri akitafuta soksi. Ikiwa mmekubaliana kwamba baba atabaki chumbani, basi bibi apewe chumba cha jirani chenye mlango unaotazamana, na lile eneo la bibi nitakalolieleza chini liwe la baba. Muhimu ni kwamba liamuliwe sasa, kwa maneno ya wazi na ya heshima, si usiku ule bibi anaposhuka kwenye gari na mkeka wake kwapani.

Mtoto mkubwa, yule ambaye bado analala kwa mama, ahamishwe miezi miwili kabla. Akihamishwa siku mgeni anapofika, atamhesabu mgeni kuwa ndiye aliyemfukuza, na usiku atarudi mlangoni analia huku mama ana mkono mmoja tu wa kumpokea. Mhamishe kwa hatua: kwanza godoro lake liwe chini ndani ya chumba hichohicho, baada ya wiki mbili liende chumba cha shangazi au dada, pamoja na chandarua chake mwenyewe. Neno "mwenyewe" nimelitia makusudi. Nimeona nyumba ambazo mtoto mkubwa aliondolewa kitandani na chandarua kikabaki na mtoto mchanga, na mkubwa akaugua malaria mwezi uleule.

Binti anayekwenda kujifungulia mtoto wa kwanza kwao, kama ilivyo kawaida ya wengi, asidhani kwamba kazi hii haimhusu. Chumba cha kwao ndicho kipangwe kwanza, na cha kwake kipangwe kwa ajili ya siku ya kurudi.

Kuchagua chumba na kukipima

Kama una vyumba viwili vya kuchagua, chagua chenye dirisha la upande wa mashariki. Pwani yetu hupata upepo wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na wa kusi kuanzia Aprili hadi Oktoba; wa kwanza hutokea kaskazini mashariki, wa pili kusini mashariki, kwa hiyo dirisha la mashariki hupokea pepo zote mbili na hupata jua la asubuhi peke yake. Chumba cha magharibi ukuta wake hunywa jua la alasiri na hulitema usiku, wakati mtoto anapotaka kulala. Aliye na chumba cha magharibi pekee asikate tamaa: kitanda kikae mbali na ukuta huo kwa futi moja na nusu hivi, kabati, chumba kikiruhusu, liegemezwe hapo likae kama ngao, na mlango wa korido uachwe wazi alasiri ili hewa ipite. Wenzetu wa Newala na Tandahimba, walio juu kwenye nyanda za Makonde, wana hesabu tofauti, kwa kuwa usiku wa Juni na Julai huko kuna baridi ya kweli. Wao watafute chumba kisichopitisha upepo wa moja kwa moja juu ya kitanda.

Chumba kikishachaguliwa, toa kila kitu nje, mpaka kapu la mwisho. Ukiwa umekitoa, fagia kona, ziba mashimo ya panya kwa saruji, chungulia mbao za kitanda kuona kama kuna kunguni katika maungio, na anika magodoro juani kutwa nzima. Dawa ya kuua wadudu, ikilazimika, ipulizwe wakati huu, wiki kadhaa kabla, na si wakati mtoto amekwisha kuingia.

Sasa chukua chaki na futi ya fundi, uchore samani sakafuni kabla ya kuzirudisha. Nitatoa mfano wa chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda cha futi 5 kwa 6. Kichwa cha kitanda kiguse ukuta mmoja na ubavu wake uguse wa pili. Ubavuni zitabaki futi 5. Hapo weka kitanda cha mtoto chenye upana wa futi 2 na urefu wa futi 4, kikigusana na cha mama upande wa kichwani; kwa kuwa cha mama kina futi 6, zitabaki futi 2 upande wa miguuni ambapo mama atateremshia miguu bila kumruka mtoto. Futi 3 zilizobaki kati ya kitanda cha mtoto na ukuta wa pili ni za kiti cha kunyonyeshea na njia. Miguuni mwa kitanda zitabaki futi 4 kwa upana wa chumba chote, na humo mkeka wa bibi, futi 3 kwa 6, utatandikwa kwa kukingama, ukiacha futi 4 za mlango kufunguka. Ukiisha kuchora hivyo utagundua kwamba kabati la milango miwili halina pa kukaa. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Kabati liende chumba cha baba au koridoni, nguo za mama na mtoto za wiki moja zibaki chumbani ndani ya kapu lenye mfuniko. Likibaki kabati lolote katika nyumba yenye mtoto mkubwa anayetambaa au kupanda, lipigwe kona ya chuma na kufungwa ukutani, na runinga isisimamishwe juu yake.

Jaribio la gizani

Vitu vikisharudishwa, fanya jaribio ambalo nimemfanyisha kila mdogo wangu, nao walicheka kabla hawajalifanya. Pima kilo tatu za unga au mchele, zifunge kwenye kanga ziwe furushi laini, uzito wa kichanga wa kawaida. Subiri usiku, zima taa, kaa kitandani ndani ya chandarua ukiwa umelipakata furushi kwa mkono wa kushoto kama unayenyonyesha. Kisha, bila kuliweka chini, washa mwanga, kunywa maji, chukua nepi kavu na kitambaa cha kufutia, tia nepi chafu mahali pake, itazame saa. Halafu hamishia furushi mkono wa kulia, urudie yote. Kila kitu kilichokulazimu kuinuka, kujinyonga shingo au kushika kwa meno kinahitaji kuhamishwa, na kila kitu ulichokiangusha kinahitaji kuondolewa.

Mdogo wangu wa tatu, anayeishi Lindi, aligundua kwa njia hii kwamba swichi ya taa ilikuwa mlangoni, hatua nne kutoka kitandani, na kwamba kopo la maji lilikuwa upande ule anaoupendelea kunyonyeshea, kwa hiyo kiwiko chake kililisukuma mara zote mbili. Hakuita fundi umeme. Alinunua taa ndogo ya sola, akaifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda mahali mkono unapoishia, mwanga wake ukielekea sakafuni ili usimwamshe mtoto. Taa ya namna hiyo ina faida nyingine: umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku wa manane, haina habari.

Kwa kawaida rafu moja ya mbao, yenye upana wa kiganja na ukingo mdogo wa mbele wa kuzuia vitu kuteleza, inatosha. Ipigiliwe ukutani usawa wa bega la mama akiwa ameketi, upande wa kichwani kwake, na kamwe isiwe juu ya kichwa cha mtoto. Maji ya kunywa yawe kwenye chupa yenye kifuniko cha kuzungusha. Nepi kavu ziwe kwenye kikapu kinachoning'inia, na chafu ziwe na ndoo yake yenye mfuniko chini. Ile chupa ya chai yenye maji ya moto, kwa heshima zake zote, iende upande wa bibi, sakafuni kwenye kona, kwa kuwa bibi ana mikono miwili. Mtoto atakapoanza kujiburuta itaondoka hapo pia.

Kitanda, chandarua na hewa

Fundi seremala wetu, walio jirani na mninga na mkongo wa Liwale na Nachingwea, hutengeneza vitanda vya watoto vya kudumu vizazi, lakini wengi huachanisha fito kwa macho. Mwambie kipimo: nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Ukienda kukichukua, beba kopo tupu la soda. Likipenya kati ya fito, kirudishe. Godoro liwe gumu, litoshe kabisa kiasi kwamba vidole viwili havizami kati yake na ubao. Ndani ya kitanda hicho asilale chochote zaidi ya mtoto na shuka lililochomekwa vizuri. Mto, blanketi zito, mwanasesere na ile mito midogo ya kupamba ukingo, ambayo huuzwa kwa bei ya kushangaza, vyote vinaweza kumziba pumzi. Mtoto alazwe chali kila mara, mchana na usiku.

Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo asizimalizie kwenye kitanda cha mtoto akaacha dirisha bila wavu. Hata hivyo mtoto anahitaji pa kulala pake, palipo ndani ya chumba cha mama, kwa miezi sita ya mwanzo angalau. Godoro dogo gumu juu ya kichanja imara kilichofungwa sambamba na kitanda cha mama, chenye ukingo pande tatu, hufanya kazi ileile. Ikitokea mama analala naye kitanda kimoja, mtoto asiwekwe kati ya watu wawili, asilale na mtoto mwenzake, asiwe upande wa ukutani penye mwanya kati ya godoro na ukuta, na asilale kabisa pamoja na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Kama mtoto ni njiti au amezaliwa na uzito mdogo, kitanda chake kiwe mbali na godoro la wengine bila kujadiliana, na saa za kubebwa ngozi kwa ngozi, kama wakunga watakavyoelekeza, ziwe za mama akiwa macho, kwenye kile kiti.

Mikoa yetu ni ya malaria, na chandarua chenye dawa mama hupewa kliniki bila malipo hudhurio la kwanza. Basi kisikae kabatini kinasubiri mgeni. Mjamzito mwenyewe anakihitaji. Kitolewe kwenye mfuko, kitundikwe kivulini kwa saa 24, kisha kifungwe kwenye fito nne badala ya kuning'inizwa kwa kamba moja katikati, kwa kuwa kile cha mraba kinaacha nafasi ya kukaa na kunyonyesha bila kitambaa kugusa uso. Kiwe kikubwa cha kufunika kitanda cha mama na cha mtoto kwa pamoja, pindo zake zichomekwe chini ya godoro, na upande wa kuingilia uwe uleule wa futi 2 alizoachiwa mama. Kikifuliwa kianikwe kivulini. Bibi naye asisahauliwe: mkeka wake una haki ya chandarua.

Feni ni ruhusa, ila upepo wake uelekezwe ukutani ili urudi umelegea, na waya wake usikatishe njia ya mlangoni.

Vitu vya kutoka chumbani, na vingine vya kutoka nyumbani

Katika nyumba za wakulima wa korosho, chumba cha mtoto mara nyingi kilikuwa stoo. Mifuko ya salfa hubaki humo tangu kupuliza mikorosho, pamoja na mashine ya kupulizia inayonuka petroli, viuatilifu vya maji, na magunia. Kufagia hakutoshi. Unga wa salfa hukaa kwenye nyufa za ukuta na huamka kila upepo unapoingia, ukiwasha macho na kifua cha mtu mzima, sembuse cha kichanga. Ukuta ufutwe kwa kitambaa chenye maji kuanzia juu hadi chini, sakafu ioshwe mara mbili, kisha nyufa zizibwe na kupakwa. Salfa na viuatilifu vihamie kibanda cha nje chenye kufuli, na nguo za shambani zivuliwe uani, zisipite koridoni.

Jambo la pili ni ubanguaji. Akina mama wengi hubangua korosho nyumbani na kuuza kwa vipimo, na sisemi waache riziki yao. Lakini mafuta ya ganda la korosho yanachubua ngozi, na moshi wa kukaangia korosho zenye maganda unakera kupita wa kuni. Karai hilo lihamishwe upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda nje: wakati wa kaskazi, kusini magharibi mwa nyumba, wakati wa kusi, kaskazini magharibi. Aliyebangua anawe kwa sabuni na kubadili nguo kabla hajampakata mtoto. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanayoanikwa au kuchachushwa uani nayo huita nzi, kwa hiyo yasogezwe mbali na dirisha.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, hata kama mtoto huyu hatatambaa kwa miezi mingi. Wakubwa wake wanatembea. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa sababu yoyote, iwe ya kumpasha mzazi joto, ya kufukiza ubani, au ya kukausha nepi siku ya mvua. Watu hudhani mkaa ulioiva vizuri, mwekundu usio na moshi, ni salama. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa ili mtoto asipate baridi ndicho kinachoikusanya. Baridi ya Newala itibiwe kwa kofia, soksi, blanketi juu ya mama, na mtoto kifuani pake ngozi kwa ngozi. Hili ndilo jambo ninalogombana nalo zaidi na wazee wangu, na ninalisema hapa kwa heshima: bibi akiomba moto, apewe nje, barazani.

Uani, choo na wageni

Mzazi atakwenda choo usiku akiwa na maumivu. Tembea njia hiyo mwenyewe, kutoka kitandani hadi chooni, ukihesabu kila kizingiti, kila jiwe lililoinuka, kila ndoo iliyoachwa njiani, na uviondoe au uvisawazishe. Kamba ya kuanikia iinuliwe juu ya kichwa. Kwa wiki ya kwanza kuwe na ndoo yenye mfuniko chumbani ili safari ya usiku iwe hiari. Kama mama atakandwa kwa maji ya moto kama ilivyo desturi, bafu liwe na stuli imara isiyoteleza na maji yachanganywe hukohuko, yasipitishwe yakichemka mbele ya mlango wa chumba. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumboni, na awaulize wakunga kwanza.

Nepi zinahitaji mabeseni mawili, moja la kuoshea na moja la kusuuzia, na kamba yake juani. Msimu wa mvua funga kamba ya pili koridoni, si juu ya kitanda, na nepi zote zilizokaukia nje pole pole zipigwe pasi, kwa kuwa kuna inzi wanaotaga kwenye nguo zenye unyevu na mayai yao hufa kwa joto la pasi. Walio na kisima cha maji ya mvua chini ya ardhi, kama nyumba nyingi za nyanda za Makonde, watengeneze mfuniko mzito wenye kufuli wakati huu ambapo mtoto bado hawezi kuufikia.

Wageni wapangiwe baraza au sebule: viti, jamvi, maji ya kunawa na sabuni mlangoni. Mtoto atatolewa kwa muda mfupi kuonekana, kisha atarudi ndani. Mwenye kikohozi ataelewa.

Kitu cha mwisho kuwekwa mahali pake ni mfuko wa kwendea hospitali, ambao hukaa nyuma ya mlango wa mbele, wala si chini ya kitanda: kadi ya kliniki, kanga safi za kutosha, nguo na kofia ya mtoto, beseni, na nauli iliyofungwa kwenye kitambaa. Mkirudi, lalia mpangilio huo usiku tatu. Kila asubuhi bibi amuulize mama ni kitu gani kilimwinua usiku bila sababu, na kabla ya chai ya asubuhi kitu hicho kisogezwe.